Jumapili ya Kuulizia Deni

Simu iliita mpaka Glenys akataka kuikata, ndipo sauti ya Emrys ikaja, inahema.

"Nilikuwa bustanini."

"Na mvua yote hii?"

"Vitunguu havijui mvua, Glen."

Glenys akajiweka sawa kitini. Dada yake Mair, aliyekuja kula naye chakula cha Jumapili, akaacha kuosha sahani ili asikie. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Glenys humpigia huyo aliyekuwa mumewe, na swali ni lile lile.

"Haya, deni la nyumba limebaki kiasi gani?"

Walipoachana walikubaliana hivi: Emrys abaki kwenye nyumba yao ya mjini Neath, alipe mkopo wa benki mpaka uishe, kisha nyumba iuzwe, wagawane nusu kwa nusu, na kila mtu ashike njia yake. Glenys akahamia mji wa Swansea, chumba na sebule cha kupanga, dirisha linatazama ukuta. Nusu yake ndiyo ingemtoa humo.

Na Emrys, msimwone vile, alikuwa na ujanja wake. Alichukua zile kadi za mkopo ambazo benki huzitoa kwa ofa, mwaka na zaidi bila riba. Pesa za kadi hizo hakuzila. Alizilaza kwenye akaunti iliyofungamana na mkopo wa nyumba, na benki ikawa inatoza riba kwa ile tofauti tu kati ya mkopo na pesa zilizolazwa. Ofa ikikaribia kwisha, deni la kadi hii analihamishia kadi nyingine. Majirani walimwona mwehu, lakini mkopo ulikuwa unayeyuka.

"Nimepata kadi mpya," alisema. "Ya buluu. Mwaka mzima na nusu haina riba."

"Nimekuuliza deni, Emrys."

"Pauni elfu nne na mia mbili."

"Mwezi uliopita ulisema elfu nne."

"Kuna ada ya kuhamisha, Glen. Hivi vitu vina ada."

"Haya. Na goti?"

Goti lilikuwa na mambo mengi. Baada ya goti akaja paka wa jirani, kisha raga, jinsi timu yao ilivyocharazwa tena. Glenys alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mair uzalendo ukamshinda. Akasogea, mikono inachuruzika povu, akanong'ona: "Nipe hiyo simu. Dawa ya deni kulipa, si kupiga soga."

Glenys akampa mgongo. Alipoaga na kukata, dada mtu alikuwa bado amesimama palepale.

"Deni linapanda badala ya kushuka, na wewe unamuuliza goti! Anakupiga danadana, mdogo wangu. Kesho twende kwa wakili."

"Siendi."

"Basi ulizia benki mwenyewe. Si jina lako limo kwenye mkopo?"

"Mair, acha."

"Unaogopa nini?"

Alichokuwa anakiogopa Glenys ni jioni, Mair akishapanda basi lake. Nyumba hunyamaza mpaka anawasha redio, si kwa kusikiliza, bali ili pawe na mtu anayesema. Wiki nzima inaweza kupita asiongee na yeyote isipokuwa yule binti wa duka la mikate, na huyo naye humuuliza tu kama anataka mfuko. Upweke ulikuwa unamla, na dada yake hakuwa mtu wa kuambiwa hayo.

Mair akachukua koti, akambusu shavuni, akaondoka ananung'unika juu ya wanawake wasiojua kudai chao. Glenys akafunga mlango, akawasha redio, akaketi kuwaza mwezi ujao atamuuliza nini kuhusu hiyo kadi ya buluu.

Mkopo wa ile nyumba ulikwisha mwaka juzi, na benki iliwaarifu wote wawili kwa barua, siku ileile.