Waraka Namba Arobaini na Moja

Boksi lilikuwa tupu.

"Umeangalia vizuri, kaka?" aliuliza yule mwanafunzi wa uzamivu.

Mtunza nyaraka aliligeuza juu chini, akalipiga kofi la kitako. Likadondoka vumbi. "Dada, nina miaka kumi na tisa humu. Waraka huo nausikia vitabuni tu, kama wewe."

Mwanafunzi huyo, wenzake chuoni walimwita Kupe, maana aking'ata haachii. Miaka minne alikuwa ameing'ang'ania barua hiyo moja: mama wa Kimisri wa zamani za kale, akimwandikia mumewe Mgiriki. Tasnifu yake yote, ya jinsi Wagiriki na Wamisri walivyochanganya damu na desturi, ilisimama juu ya barua hiyo. Tafsiri ilikuwa kila mahali. Jumatatu watahini wangetaka kujua waraka wenyewe uko wapi.

Profesa aliyeutafsiri alikuwa bado hai, kama huko ni kuwa hai. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja na kumfunga ulimi. Kupe alimkuta akilishwa supu na mkewe, mama mpole mwenye lafudhi ya kwao, mbali.

"Mwulize tu, mwanangu. Anasikia," alisema mama. "Ila mimi vitabu vyake sivijui. Hajapata kunisomea hata ukurasa."

Kupe akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, Profesa. Boksi halina kitu. Waraka namba arobaini na moja uko wapi?"

Jicho zima la mgonjwa likamtazama mkewe, kisha likakimbilia dirishani.

"Labda amesahau," alisema mama. "Hebu msomee."

Mgonjwa akatikisa kichwa kwa nguvu, supu ikammwagikia kifuani. Mkewe akampangusa. "Tulia, mume wangu. Mgeni anakusaidia kukumbuka."

Kupe akafungua kitabu, akasoma.

"'Umemzika mwanetu kwa taratibu za watu wako, nami ningali njiani. Nilipokuja kwenu nilijifunza lugha yenu, nikala vyenu, nikaomba kwa maneno yenu. Sikunung'unika. Lakini kwetu, mama ndiye amwoshaye mwanawe mara ya mwisho. Niambie, miguu yake iliyojaa matope ilioshwa na nani? Mliyapasha maji moto? Unajua alikuwa akiogopa maji ya ba...'"

Kupe akafunga kitabu.

"Inaishia hapo, mama. Ndiyo bahati mbaya ya nyaraka za kale. Papirusi imechanika."

Kijiko kilikuwa kimesimama hewani. Profesa alikuwa amefumba jicho lake, na chozi likimtiririka hadi sikioni.

"Haikuchanika," alisema yule mama, polepole. "Kalamu iliniishia wino."