Mgeni wa Hadithi Niliyoikataa

Hakuna mhariri wa jarida anayenishinda hapa Pangani. Kweli, niko peke yangu, na darasa la saba lenyewe nililipita kwa kuchungulia.

Sheria ya siku hizi inataka mhariri akikataa hadithi, amlaze mwandishi nyumbani kwake mpaka amweleze ubaya wa hadithi hiyo, naye mwandishi akubali. Kinasa sauti cha serikali kilichofungwa ukutani kikibaini mhariri hakuisoma, jarida linakuwa la mwandishi. Ndiyo maana wiki ya tatu sasa Semboja analala sebuleni kwangu, anamaliza samaki wangu, na kunitazama kama anayenipimia sanda.

"Bibi, hadithi yangu ina ubaya gani?" aliniuliza leo asubuhi, mdomo umejaa chapati yangu.

"Mwisho wake," nikasema. "Umewaua wote mara moja kama kuku wa kideri."

"Kwani mwisho umeusoma?"

"Mara mbili, baba. Kanga ililowa machozi."

Taa ya kile kinasa sauti ikawaka ukutani. Semboja akapangusa vidole taratibu, akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati.

"Ukurasa wa mwisho ninao mimi, Bibi. Sikukupa."