Mpangaji wa Jicho la Kushoto

Enzi hizo nyumba zilihesabu watu kwa kuwatazama machoni, na mzee aliyekutwa anaishi peke yake alihamishiwa kwa wanawe. Bi Mkunde hakutaka kabisa kwenda kwa mwanawe Shomari, mla vidonge badala ya chakula, asiyejua harufu ya nazi.

Basi tezi ya chini ya ubongo ikamvuja damu. Alinusurika, ila kope la kushoto lililegea na mboni ikakimbilia pembeni. Jicho moja likitazama chungu, la pili latazama mlango. Nyumba ikadhani kila jicho lina mwenyewe, ikahesabu watu wawili, ikamwacha akae.

"Kitendawili!" alimwambia mjukuu wake Hadiya, aliyekuja kumjulia hali.

"Tega!"

"Tunaishi wawili, twala kwa mdomo mmoja."

Hadiya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamsogelea. "Bibi wee! Kope limepanda. Jicho linapona!"

"Alhamdulillahi," akasema Bibi, na kweli alifurahi. Akatazama mekoni. Vile vyungu viwili alivyozoea kuviona mahali pa kimoja vilikuwa vimekaribia kugusana.

Nyumba ikauliza kwa upole, "Bi Mkunde, mwenzako anaondoka?"

"Hajaniaga," Bibi akajibu, akijikaza kulirudisha jicho pembeni.