Kijiko cha Bi Sikudhani

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Aprili, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Tunu alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike, na mkunga Felista akamlaza mtoto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi.

Mama mkwe, Bi Sikudhani, alisimama kando ya kitanda na kijiko na kikombe cha maji ya sukari ya kumnywesha mtoto. Tunu alijikamua kidogo. Likatoka tone la dang'a, yale maziwa ya kwanza, zito na la manjano.

"Usimpe hayo, mwanangu," alisema Bi Sikudhani. "Yamelala humo miezi yote. Sisi tuliyamwaga."

Tunu alimtazama mkunga. Hakutaka kumvunjia heshima mama mkwe, wala hakutaka mwanawe akose haki yake.

"Hayo ndiyo kinga yake, mama," Felista alisema kwa upole. "Tumwache ayatafute mwenyewe."

Bi Sikudhani alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Mtoto aliinua kichwa, akakosea, akajivuta tena mpaka akaikuta chuchu. Kisha wote watatu wakamsikia akimeza.

"Ana pupa kama babu yake," alisema Bi Sikudhani, akicheka na kufuta machozi. Akayanywa yale maji ya sukari yeye mwenyewe, yote, kisha akainua kijiko kilichokuwa bado kinadondosha matone.

"Mkunga shahidi, na Mungu shahidi," alisema. "Kijiko hiki kitakoroga uji wako tu, Tunu."