Diwani wa Wageni

Huko Kwembago, juu mlimani kwenye mahoteli, diwani alichaguliwa na wageni tu. Wenyeji waliachiwa haki ya kugombea. Shemweta aligombea kama mbwa anavyogombea mfupa. Wageni walilalamikia majogoo, akachinja wake wote. Walilalamikia moshi, akazima jiko lake, wanawe wakala viporo baridi. Wiki ya kura wakalalamikia kikohozi cha mama yake.

“Utashuka Mombo kwa dada, mama. Kwa muda tu.”

“Mlima mzima unakohoa kwa baridi hii, mwanangu. Utatushusha sote?”

“Wewe kwanza. Waone sina upendeleo.”

Mama alikunja kanga zake bila haraka. “Na ukishinda, nitarudi?”

Shemweta alikuwa ameshalibeba begi hadi mlangoni.

“Hilo itabidi niwaulize.”