Tundu la Pili

Siku ile mjinga alikuwa Kopro Bartholomeo, na mwenyewe hakatai. Alichokuja kubishania ni ukubwa wa ujinga wenyewe.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na tatu. Bartholomeo alikuwa mkuu wa zamu kwenye geti la mgodi mmoja wa almasi, upande wa Maganzo. Kutoka vita vya Burma alirudi na cheo, na kofia pana ya kaki yenye jina lake kwenye utepe wa ngozi wa ndani, na imani kwamba hajazaliwa mtu wa kumchezea.

Jioni hiyo alitokea mchimbaji Maduhu, shavu la kushoto limefura kama kiazi.

"Jino, Kopro," akasema kwa taabu.

"Jino la bei gani?"

Akampapasa taya. Uvimbe mgumu. Vijana wake wakauliza kama wamkague mifuko na viatu kama kawaida. Bartholomeo akacheka. Mifuko ya nini, na almasi iko mfupani? Akamshika mkono, akamrudisha ndani moja kwa moja mpaka zahanati. Jiwe likipatikana, Maduhu anakwenda jela, na Kopro anakuwa sajini.

Dokta Pinto, daktari wa meno, alimpiga Maduhu picha ya taya, kisha akaiinua filamu kwenye mwanga. Mfupa mweupe. Chini ya mizizi ya meno, vidoa viwili vyeusi.

"Hivyo ni nini?" Kopro akadakia.

"Matundu. Neva inatokea hapo kwenda kidevuni. Kila mtu analo, moja kila upande."

"Huyu upande mmoja ana mawili."

"Wapo wanaozaliwa hivyo."

"Dokta, la kwanza kaumba Mungu, sawa. La pili kalichimba nani? Maana huyu kazi yake ni kuchimba."

Dokta akavua miwani. "Hebu kaa kitini. Tuone na ya kwako."

Kopro akavua kofia, akamkabidhi Maduhu. "Ishike kwa heshima."

Maduhu akaishika kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliye kanisani.

Filamu ya pili ilipokuwa tayari, Dokta aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Vidoa vilikuwa vitatu.

"Matatu," akasema. "Sasa wewe, Kopro, umeiba mara ngapi?"

Maduhu akacheka kwa shavu moja.

"Uvimbe wa huyu ni usaha," Dokta akaendelea. "Jino nitaling'oa sasa hivi. Picha hizi kesho nampelekea bwana mkubwa wa mgodi, naye acheke."

Hapo Kopro akawa mpole. Bwana mkubwa hakuwa mtu wa kucheka, angemfukuza kazi. Akaomba, akabembeleza, mpaka Dokta akakubali kunyamaza kwa sharti moja: amwombe Maduhu radhi, na amsindikize mwenyewe mpaka nyumbani.

Radhi ikaombwa, jino likang'olewa. Bartholomeo akavaa kofia yake, akakunja uso. "Mbona inabana?"

"Kofia haina kosa," Dokta akasema. "Kichwa ndicho kimevimba."

Getini vijana wakajipanga kumkagua Maduhu.

"Mwacheni. Huyu nimemkagua mpaka mfupa."

Wakapiga saluti, wakawapisha.

Nyumbani, Mbuke, mke wa Maduhu, alimpokea Kopro kama mkwe. Akampokea kofia, akaenda kuitundika chumbani, akamwandalia michembe ya viazi vikavu na maziwa ya mgando. Bartholomeo alikula, akaomba radhi mara ya pili bila kuulizwa, akaondoka akijisikia mwepesi.

Baada ya mavuno, Kopro alishuka kwenye basi Kahama, akamkuta Maduhu anapakia mpunga kwenye lori jipya. Lori lake mwenyewe.

"Nilijua," Kopro akasema. "Jiwe lilikuwa kwenye tundu la pili."

"Mwangaluka, Kopro," Maduhu akamsalimu kwanza. "Si uliona picha? Mle hata punje ya ulezi haiingii."

"Basi ulilimeza."

"Ningelimeza vipi na jino lile? Mate yenyewe yalinishinda."

"Maduhu, usinifanye mtoto. Nilikusindikiza mimi, hatua kwa hatua. Pale getini, mbele ya macho yangu, halikupita jiwe."

"Mbele ya macho yako, hapana," Maduhu akasema. "Lilipita juu yake kidogo, na vijana wako wakalipigia saluti."