Mkeka wa Kupumzikia

Fundi Mbaruku alirudi nyumbani mchana, amefunga karakana yake ya useremala kwa mara ya mwisho. Akiba ilitosha tangu zamani. Yeye ndiye ambaye hakutosheka. Kila mwaka alimwambia mkewe, Bi Mwanahawa, "Mwakani napumzika." Na kila mwaka Bi Mwanahawa, aliyekuwa akishona mkeka wa kukalia wawili siku hiyo ikifika, aliongeza ukili mwingine, utepe wa majani yaliyosukwa, badala ya kuumaliza. Sasa mkeka umejaa ukumbi mzima, na ukingo wake umepanda ukutani.

Alimkuta ameketi katikati ya mkeka, sindano mkononi. Akavua viatu, akainua mguu aukanyage.

"Samahani, baba," Bi Mwanahawa alisema kwa upole. "Keti hapo mlangoni, kwenye kigoda. Huu ni wa mume wangu. Karibu ataacha kazi."

Mbaruku alimtazama usoni akitafuta mzaha, asiuone. Majirani walishamwambia kwamba mkewe anasahau, naye akawajibu kuwa ni uzee tu.

"Ataacha lini?" aliuliza.

"Mwakani."

Mbaruku akaketi kigodani. Akaokota ncha ya ukili iliyofika mlangoni, akamshikia, apate kushona vizuri.